Usimimine soda yote: pipa la sabuni lilivyotufurikia Masisi

Bado nina hasira na lile pipa. Mafuta yalikuwa mapya, mekundu, mawese ya Walikale yaliyopanda kwa lori kupitia Nyabiondo, na chama chetu kilikuwa kimeyalipia mapema. Mwenzetu wa zamu alitia maji ya soda kostiki kidogo, akakoroga, akaona mafuta yametulia juu na soda imekaa chini. “Mama, hii haishiki,” akaniambia, na kabla sijamfikia akamimina ndoo nzima, akaweka mwiko kando, akaenda kuleta kuni. Pipa likakaa kimya. Kisha likaanza kupanda. Povu la moto lenye soda likavuka ukingo, likazima jiko, na sabuni yote ya siku ile ikapotea. Namshukuru Mungu hakuna aliyeungua.

Glavu, miwani, soda kutiwa ndani ya maji wala si maji juu ya soda, sufuria ya alumini kukaa mbali: hayo mnayajua. Ninalotaka kueleza ni ule ukimya.

Mafuta na maji ya soda havichanganyiki vyenyewe. Sabuni ya kwanza inayozaliwa ndiyo inayoviunganisha. Ikiongezeka, kazi inaenda kasi, inatoa joto, na joto linaongeza kasi tena. Soda yote iliyorundikana chini inaingia kazini kwa pamoja. Na huku milimani, kwenye mita 2000 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 93, kwa hiyo povu huwahi zaidi.

Hatua ya kwanza, basi, ni sabuni kuukuu. Mama mmoja wa Sake ndiye aliyetufundisha: usisafishe pipa mpaka ling'ae. Bakiza sabuni laini ya pishi lililopita, iyeyushe kwa maji moto kidogo, ndipo utie mafuta. Pipa lililofuata, la mafuta yaleyale, lilishika kabla ya jagi la pili la soda, na wanawake wakapiga vigelegele. Tangu hapo kanuni yetu ni moja: jagi jipya haliingii mpaka lililotangulia limeliwa. Tunachota chini kwa mwiko. Tukiona majimaji ya soda, tunakoroga tu. Na pipa halijazwi kupita nusu.

Kipimo? Lita 20 za mawese, yaani kilo 18 hivi, hutaka karibu kilo 2 na nusu za soda safi. Lakini wauzaji wa vifuko Goma wanatuuzia soda iliyokwisha kuvuta unyevu na kugandamana, watu wanazoea kuongeza kwa kukisia, halafu siku inapokuja soda kali wanaongeza vilevile. Nunua iliyofungwa, hata kama ni ghali.

Na mwiko usiachwe. Tarehe 10 Julai 1976, Seveso, Italia, kiwanda kiliacha pishi la kemikali lenye soda kostiki halijaisha, kikazima kikorogeo, wafanyakazi wakaondoka. Saa chache baadaye kizibo cha usalama kikapasuka, na wingu la dioksini likashukia makazi ya watu.

Pipa likianza kupanda hata hivyo, ondoa kuni, endelea kukoroga, nyunyiza maji baridi kidogo kidogo kwa kikombe cha mpini mrefu, ukiwa upande upepo unakotoka. Sisi bidoni la maji hayo hulijaza kabla ya kuwasha moto.