Land Rover Series III ya Petroli Isipowaka: Mwongozo kwa Madereva na Mafundi

Mwongozo huu unahusu Land Rover Series III ya injini ya petroli ya lita 2.25, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Injini hii haina kompyuta. Ikigoma, mara nyingi kimekosekana kimoja kati ya vitatu: umeme wa kuzungusha stata, cheche, au petroli. Ni lazima kujua kipi kabla ya kununua kifaa chochote. Kabureta nzima husingiziwa kila siku kwa kosa la nati iliyolegea.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, na pasiwe na mtu anayevuta sigara karibu.

Washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia sana na stata ikalia "tak" tu, shuku betri au viungo vyake. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12, ichajiwe kwanza. Betri ikiwa nzima, fuata waya wa ethi, unaotoka upande hasi wa betri kwenda kwenye chasi. Kuutazama hakutoshi, kwa kuwa kutu hujificha chini ya kichwa chake: fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga. Uko pia waya mwingine mnene unaounganisha chasi na injini au giaboksi. Huu husahaulika kwa sababu uko chini, umefunikwa matope na oili. Ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, na aghalabu huipata kwenye kebo ya choki. Baada ya kupiga stata, sogeza kiganja karibu na kebo hiyo bila kuishika. Ikiwa ya moto au inatoa moshi, mchawi wako umempata.

Stata ikifa kabisa, tumia hendeli kupitia tundu la bampa. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke mpini, na uvute kwenda juu. Usisukume kwenda chini. Injini ikipiga nyuma, hendeli hurudi kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, chomoa kwenye distributa waya mnene unaotoka katikati ya koili. Ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha ikae milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, na mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni njema. Ikiwa ya njano na nyonge, au haipo, fungua mfuniko wa distributa. Zungusha injini hadi pointi ziachane kabisa, upime mwanya: milimita 0.35 hadi 0.40. Pointi nyeusi zisafishwe. Zenye kilima upande mmoja na shimo upande wa pili huashiria kondensa mbovu. Hata hivyo, usiitupe ya zamani upesi, maana baadhi ya kondensa mpya za bei rahisi hufa mapema kuliko ile uliyoitoa. Kausha mfuniko kwa ndani, hasa baada ya kuvuka mto, na utafute ufa mwembamba mweusi. Cheche hupotelea humo. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Petroli haina mambo mengi. Pampu kwa kimkono kidogo kilicho kwenye pampu yenyewe na utazame kikombe cha kioo. Kisipojaa, kagua tangi na paipu. Maji yakionekana ndani ya kikombe hicho, yamwagwe. Kimkono kikiwa chepesi, zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena, kwani huenda kamu ndiyo imeishikilia pampu. Harufu kali ya petroli maana yake injini imefurika: rudisha choki, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho bila kuipampu, piga stata kwa sekunde chache.

Ikiwaka, ongeza mafuta kidogo na upime betri. Isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, kagua mkanda wa altaneta kabla hujazima injini.