Uhandisi wa Ndege za Kijeshi
Swali: Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya anayetaka kuwa mhandisi wa ndege za kivita aanzie wapi?

Jibu: Mhandisi si rubani, ingawa wengi huwachanganya. Kazi yake ni injini, bodi, umeme na rada. Jeshi la Wanahewa la Kenya, lililoundwa 1964, lilianza kutumia ndege za kivita za F-5 mwaka 1978; metali ya umri huo huchoka, na ufa mwembamba usioonekana kwa macho lazima ugunduliwe kabla ndege haijaruka. Msingi wa kazi hii ni fizikia na hisabati. Mwenye shahada ya uhandisi huomba nafasi ya afisa mtaalamu. Wengine huingia jeshini kama makuruti, wakafunzwa ufundi humo humo. Kuandikishwa jeshini hakulipiwi hata senti.