SOMO LA 24: KOMPYUTA ILIYOKATAA KUAMKA

Katika masomo yaliyopita tumesoma habari za baiskeli, saa ya ukutani na pampu ya kisima. Leo tutasoma habari za kompyuta mpakato, yaani ile ikunjwayo kama kitabu na kuchukuliwa mkononi. Watu wengi huiogopa ikiharibika, nao hudhani ya kuwa ndani yake mna siri isiyofahamika. Lakini nayo ina mpango wake wa kufanya kazi, na mwenye kuujua mpango huo aweza kuitambua sehemu iliyo mbovu.

Fikirini jinsi shule yetu inavyoamka alfajiri. Mwalimu mkuu hafiki kwanza. Mlinzi ndiye aliyepo; huzunguka akatazama milango, madirisha na tangi la maji, na akiona vyote viko salama, humfungulia mwalimu mkuu ofisi. Tangu hapo amri zote hutoka kwa mwalimu mkuu.

Ndivyo ilivyo kompyuta. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, umeme huingia, na kichakataji, ambacho ndicho akili ya chombo, husoma maagizo ya kwanza katika chipu ndogo iliyobanwa kwenye bao la ndani. Maagizo hayo ndiyo mlinzi. Katika kompyuta za zamani huitwa BIOS, na katika hizi za miaka ya karibuni UEFI. Mlinzi hukagua kumbukumbu ya muda, kibodi na kioo, kisha hutafuta diski yenye mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux. Akiuona, huupakia katika kumbukumbu na kuukabidhi kazi. Mfumo endeshi ndio mwalimu mkuu.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Katika shule moja ya mkoa huu wa Singida nilikofundisha, palikuwa na kompyuta mpakato iliyotengenezwa mwaka 2012. Ndani yake mlikuwa na majina na alama za wanafunzi wa darasa la saba za miaka mitatu. Zamani tulikuwa na nakala za karatasi pia, lakini mchwa waliingia kabatini wakazila, nasi kwa uvivu hatukuandika nyingine. Betri kubwa ya kompyuta hiyo ilikuwa imekwisha kufa, ikawa haifanyi kazi ila kwa umeme wa ukutani.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, wakati upepo wa kiangazi unapovuma na vumbi huingia hata katika sanduku lililofungwa. Umeme ulikatika siku mbili. Uliporudi nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikavuma, kisha juu ya kioo cheusi yakatokea maneno meupe ya Kiingereza, maana yake kwamba hakuna chombo cha kuanzia. Nikajaribu tena na tena, yakawa yale yale.

Mwalimu mwenzangu kijana akasema, "Mfumo umekufa. Tuweke mpya leo leo." Nami nilikaribia kukubali, maana alama zile zilitakiwa wiki iliyofuata. Kwa bahati njema alikuwapo fundi mzee kutoka mjini, aliyekuja kutengeneza redio. Akasema, "Mwalimu, usifanye haraka. Ukiweka mfumo mpya juu ya wa zamani bila kuangalia, waweza kufuta diski yote, na alama zako zikapotea. Kwanza tuulize chombo kimefika wapi."

Neno hili lilinifaa sana tangu siku ile. Kama pasingekuwa na taa wala sauti ya feni, tungetazama umeme: soketi, waya na chaja. Tungechomoa chaja na betri, tukakibana kitufe nusu dakika ili umeme uliobaki ndani utoke, kisha tukarudisha chaja peke yake na kujaribu. Kama feni ingevuma na kioo kubaki cheusi, au tungesikia milio mifupi mifupi, tungeshuku kumbukumbu ya muda. Mara nyingi huponywa kwa kuitoa, kuisugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, na kuirudisha sawasawa. Walakini sisi tulikuwa tumeona maandishi. Basi mlinzi alikuwa hai, na kioo na kumbukumbu vilikuwa vizima. Taabu ilikuwa kati yake na diski.

Fundi akaiwasha tena huku akigusa kitufe F2. (Kompyuta nyingine hutaka F10 au Delete, kila mtengenezaji ana desturi yake, na jambo hili huwaudhi mafundi wote.) Ukafunguka ukurasa wa mipango. Akaonyesha kwa kidole: jina la diski limeandikwa. "Kama lisingekuwapo," akasema, "tungeshuku diski imekufa au imelegea mahali pake, na kuweka mfumo mpya kusingesaidia kitu." Kisha akatazama tarehe, akacheka. Iliandikwa tarehe 1 Januari 2012.

Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara, kama sarafu, ambayo huilisha saa na kuhifadhi mipango umeme usipokuwapo. Ya kwetu ilikuwa imekwisha. Maadamu waya ulikuwa ukutani hatukujua. Umeme ulipokatika siku mbili, mlinzi akasahau mipango yake akarudia ile ya kiwandani. Mipango ya kiwandani ilimwamuru aanze kwa mtindo mpya, yaani atafute faili maalumu katika sehemu maalumu ya diski. Diski yetu ilipangwa kwa mtindo wa zamani, ambao husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski. Hivyo aligonga mlango usiokuwapo.

Hata hivyo fundi hakubadili neno lolote kabla ya kuokoa alama. Mwalimu kijana akatumwa shule ya jirani kuleta Linux katika flashi, kwa kuwa mfumo huo, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, waweza kuendeshwa toka kwenye flashi bila kugusa diski. Akarudi jioni, lakini kompyuta haikuitambua flashi. Alikuwa ameinakili faili kama mtu anakilivyo picha. Hiyo ni sawa na kuweka gunia la mbegu za alizeti katikati ya shamba bila kulifungua, ukangoja ziote. Faili ya namna ile sharti iandikwe kwa programu maalumu, iitawanye yaliyomo mahali pake. Akarudi tena kesho yake, na mara hii Linux ikaamka, tukaiona diski, tukanakili alama zote katika flashi nyingine. Nikaitia flashi hiyo mfukoni, wala sikuitoa mpaka usiku.

Ndipo fundi alipobadili mpango kuwa mtindo wa zamani, akahifadhi, akawasha. Windows ikaamka kama kwamba haikutokea lolote. Wiki iliyofuata akaweka betri mpya ya sarafu, na tarehe haikurudi nyuma tena.

Mwenzangu bado alitamani Windows 11, kwa kuwa Windows 10 iliwekewa mwisho wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025. Akajaribu, baada ya alama kuwa salama mahali pawili. Kompyuta ikakataa. Mfumo ule hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na chipu ya ulinzi iitwayo TPM ya toleo la 2.0, ambayo chombo chetu hakikuwa nayo. Huo haukuwa ugonjwa, ni umri tu.

Maswali
1. Kompyuta ya jirani haina taa wala sauti. Je, utaanza kutazama diski? Toa sababu.
2. Tarehe iliyokosewa ilimfundisha fundi nini?
3. Kwa nini kompyuta yetu haikusahau mipango yake kabla ya umeme kukatika?