Usiku ni Amana

Enyi vijana wetu mlioko vyuo vikuu! Qur'ani, katika Surat An-Nabaa, yautaja usingizi kuwa ni raha ya mwili, na usiku kuwa ni vazi la kutusitiri. Basi mbona vazi hili mwalivua kila usiku kwa ajili ya simu?

Mwanafunzi huswali Isha, akajilaza, akafungua intaneti kwa nia ya kutazama kidogo tu. Akizinduka ni saa 8 za usiku. Alfajiri yaadhiniwa naye hasikii. Darasani mwili upo, akili imelala. Amepoteza faradhi na elimu pamoja, na ada aliyolipiwa na wazee wake imekwenda bure.

Matabibu wasema mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi za usingizi. Mwangaza wa simu huchelewesha melatonini, homoni iuarifuyo mwili kuwa usiku umeingia. Tena, ni katika usingizi ubongo huyaimarisha tuliyojifunza mchana. Akeshaye na simu hubomoa alichokijenga.

Mtume wetu (S.A.W.) alichukia mazungumzo baada ya Isha, wanavyuoni wakayatoa humo ya elimu na ya haja. Asemaye kuwa yeye asoma humo simuni, na ajipime kwa insafu: katika saa 3 alizokesha, ngapi zilikuwa za masomo?

Dawa ni nyepesi. Simu ilale mbali na kitanda, inunuliwe saa ya kuamshia, na somo gumu liwekwe baada ya Alfajiri. Anzeni usiku wa leo.

Wabillahi tawfiq.