Mas-ala ya Kuhifadhi Mbegu za Uzazi kwa Baridi

Tumeulizwa na kijana mmoja wa Msambweni, aliyeoa karibuni kisha akapatwa na saratani. Tabibu amemwambia kwamba dawa atakazopewa huenda zikamkatia uzazi, na kwamba aweza kutoa manii yake yahifadhiwe kabla ya matibabu. Auliza: Je, yajuzu? Na akifa, mkewe aweza kuyatumia?

Jambo hili si geni kama wengi wadhanivyo. Mwaka 1953, huko Marekani, mimba zilipatikana kwa manii yaliyogandishwa. Mwaka 1984, Australia, alizaliwa mtoto wa kiinitete kilichogandishwa, na mwaka 1986 ikawa zamu ya yai. Vitu hivi hutiwa katika mitungi ya nitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, vikasimama kama vilivyo. Mwaka mmoja na miaka ishirini ni mamoja. Hapo ndipo penye fitina, kwani mbegu haizeeki, lakini ndoa ina mwisho.

Ama kuhifadhi, twaona yajuzu. Kulinda kizazi ni katika makusudio ya sharia. Na asemaye kuwa huku ni kuingilia kazi ya Mungu, naye jana amemeza vidonge vya malaria, hatuna la kumjibu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilijuzisha kutungisha mimba nje ya tumbo kwa manii ya mume na yai la mkewe, panapo dharura, na likaharimisha kila njia imwingizayo mtu wa tatu.

Swali la pili, haifai. Wako wachache walioruhusu ndani ya eda. Hatuwafuati, maana mauti yamekwisha kuikata ndoa. Wala mtu asitushike kwa kauli ya vitabu vyetu vya Kishafii, kwamba mimba yaweza kufika miaka minne na mtoto akanasibishwa na marehemu. Kauli hiyo ni ya mimba iliyokuwamo tumboni siku ya kifo, si ya iliyomo mtungini. Hebu fikirini minazi ya Diani imekwisha gawanywa, kila mmoja amejenga kwake, kisha baada ya miaka kumi aje mrithi atokaye kwenye baridi!

Basi ndugu yetu ahifadhi manii peke yake, asihifadhi viinitete. Baraza hilo, Jidda mwaka 1990, liliamua yasitungishwe mayai kupita yale yatakayopandikizwa. Na aandike, mbele ya mashahidi wawili, kwamba akifa au akimwacha mkewe yamwagwe. Karatasi moja ikae hospitalini, na ya pili aishike mke mwenyewe, asije akashurutishwa na wakwe zake wanaotaka mjukuu.

Wallahu aalam.