Sauti ya Kijana Pale Alipo

JUMATANO

Soma Mwanzo 21:9–21. Ni nani anayetajwa kulia katika fungu la 16? Mungu alisikia sauti ya nani katika fungu la 17?

Sara alitoa kisa kuwa ni dhihaka ya Ishmaeli. Lakini ugomvi wa nyumba ile ulianza kabla kijana hajazaliwa (Mwanzo 16:4–6). Vijana wengi ambao wazazi wao wameachana hujiuliza kimoyomoyo, “Je, ni kwa sababu yangu?” Biblia inajibu: hapana. Mwana hauchukui uovu wa baba yake (Ezekieli 18:20).

Hajiri alikuwa na uchungu mwingi hata akaketi mbali na mwanawe. Mzazi aliyeumizwa anaweza kumpenda mtoto na bado asiyaone machozi yake. Mungu aliyaona.

Nshamba, wilayani Muleba, wazazi wakiachana mara nyingi mama hurudi kwao, na watoto hubaki kwenye kibanja cha baba, kwa kuwa ardhi hufuata ukoo wa baba. Ndipo kijana hugeuzwa mjumbe: “Kamwambie baba yako alete ada.” Akirudi, huulizwa, “Mama yako anasema nini juu yangu?” Hakuna jibu lisilomsaliti mmoja wao.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa umeacha yatima wengi, ulianza hapo Nshamba mradi wa Humuliza, jina la Kihaya lenye maana ya kufariji. Walimu na walezi walifundishwa kumsikiliza mtoto, na yatima wenyewe wakawa na umoja wao, Vijana Simama Imara. Kijana wa wazazi walioachana naye amefiwa na nyumba yake, ila hakuna matanga, wala jirani anayekuja kumpa pole. Ni nani atakayemhumuliza?

Darasa lako laweza kuanza hivi:

1. Msikilize kabla ya kumpa fungu. Usimwulize nani mwenye kosa.

2. Wazazi wapelekeane ujumbe wenyewe, au kwa mzee wa kanisa, si kwa mtoto.

3. Wakumbusheni wazazi kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya matunzo na elimu kama aliyokuwa nayo kabla hawajaachana, na haki ya kumtembelea mzazi mwingine.

4. Kukiwa na kipigo au unyanyasaji, msifiche. Mwoneni afisa ustawi wa jamii.

Mungu hakumrudisha Ishmaeli katika hema la Ibrahimu. Alimpa maji, akawa pamoja naye alipokuwa akikua jangwani. Tusimwahidi kijana kwamba wazazi watarudiana. Tumwahidi kwamba hatakuwa peke yake. Miaka mingi baadaye, Isaka na Ishmaeli walisimama pamoja kumzika baba yao (Mwanzo 25:9).

Kwa mjadala: Katika kanisa lenu, ni kijana gani aliyeacha kuja tangu wazazi wake waachane? Bila kumtaja jina darasani, amueni nani atakwenda kumwona kabla ya Sabato ijayo.