MIEZI MITATU KATIKA NJIA MOJA

Waislamu wa mijini tumezoea kuijadili elimu ya falaki Ramadhani inapoingia na inapotoka, tena kwa ugomvi. Baada ya Idi kitabu kinafungwa. Leo tuuache mwezi wetu, twende kwenye sayari ya Zohali.

Zohali ina mwezi uitwao Tethys, wenye kipenyo cha kilometa zipatazo 1,060, unaoizunguka kwa saa 45 hivi. Mwaka 1980 iligunduliwa kuwa njia hiyo hiyo inapitwa na miezi mingine miwili midogo. Telesto umetangulia mbele kwa nyuzi 60, Calypso unafuata nyuma kwa nyuzi 60. Mbona haigongani? Mwanahisabati Lagrange alikwishaonyesha mwaka 1772, kwa kalamu tu, kwamba mpangilio huo unawezekana.

Tuutazame Calypso. Ukiukaribia Tethys, unavutwa kwenda mbele. Mtu atadhani utaongeza kasi uugonge. Sivyo. Kuvutwa huko kunaupandisha kwenye njia pana zaidi, na kilicho mbali na sayari huzunguka polepole, kwa hiyo unaachwa nyuma. Ukiachwa kupita nyuzi 60, mambo yanageuka: unashuka, unakwenda mbio, unakaribia tena.

Anayeiweka hesabu hii kwenye kompyuta asiifanye Zohali kuwa imetulia tuli. Tethys nao huivuta Zohali, ijapokuwa kidogo mno. Ukiuacha mvuto huo, ile nukta ya nyuzi 60 haipatikani kabisa.

Wapo wahadhiri wakisikia habari kama hizi hukimbilia aya ya 40 ya Suratu Yaasin na kutangaza muujiza mpya. Aya ni haki. Lakini kubandika aya juu ya hesabu ambayo hatujaigusa, mimi nauita uvivu. Ibn al-Shatir, aliyekuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya, Damascus, katika karne ya 14, hakuishia kusema Subhanallah. Aliona kuwa kwa hesabu ya Ptolemy mwezi ungepaswa wakati fulani kuonekana mkubwa karibu mara mbili, jambo ambalo halionekani. Akajenga hesabu nyingine.

Mwezi Dione, jirani wa Tethys, nao una wawili wake: Helene mbele, Polydeuces nyuma. Huu wa nyuma uligunduliwa mwaka 2004 katika picha za chombo cha Cassini. Una upana wa kilometa 3 hivi na unayumba sana. Mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye kompyuta aanze na huo.